Umbali Uliomezwa na Moja

Chukua nukta mbili ndani ya diski ya Poincaré, duara la nusu kipenyo 1 linalochora jiometri ya haipabola. Ya kwanza iko katikati kabisa, (0, 0). Ya pili iko pembeni yake kidogo tu, (1e-9, 0). Fomula ya umbali kati ya nukta u na v, ambapo acosh ni kinyume cha fankisheni cosh, ni ile inayofahamika:

    d = acosh(1 + 2·|u − v|² / ((1 − |u|²)·(1 − |v|²)))

Iandike kwenye Python kama ilivyo, kisha uiendeshe.

    0.0

Sifuri kavu. Nukta mbili tofauti zimegeuka moja, bila onyo wala NaN (alama ya "si namba"). Jibu lililotakiwa ni 2e-9, namba ambayo kompyuta haina shida nayo hata chembe: namba za kawaida za kompyuta, za biti 64, zinaweza kuandika namba ndogo hadi kufikia karibu 4.9e-324.

Sifuri hii imenikaa kichwani wiki kadhaa. Kinachokera ni kwamba hakuna wa kumlaumu. acosh iliulizwa kuhusu 1, ikajibu 0, na 0 ndilo jibu. Mgawanyo uko sawa. Kuzidisha kuko sawa. Kila mmoja ukimhoji peke yake, ana ushahidi wa kutosha kwamba hakuwepo.

## Tuanze na walio ndani ya nyumba

Mashaka ya kwanza huangukia fankisheni zenyewe, acosh na ndugu zake asinh na atanh (vinyume vya cosh, sinh na tanh), na si bila sababu. Vitabu vinazitoa hivi:

    asinh(x) = ln(x + √(x² + 1))
    acosh(x) = ln(x + √(x² − 1))        x ≥ 1
    atanh(x) = ½ · ln((1 + x)/(1 − x))   |x| < 1

Kwenye karatasi ni kweli tupu. Kwenye namba za biti 64, zenye tarakimu kama 16 basi, mstari wa asinh pekee unaharibika kwa njia tatu.

Weka x = −1e8. Mraba wake ni 1e16, na ukiongeza 1 unabaki na 1e16 ileile, kwa kuwa huko juu namba jirani zimeachana kwa 2. Kipeuo cha pili ni 1e8. Kijumlishe na −1e8, unapata 0, na logi ya 0 ni −inf, yaani hasi isiyo na kikomo. Jibu sahihi ni −19.1138.

Weka x = 1e200. Mraba wake ungekuwa 1e400, lakini biti 64 zinaishia karibu na 1.797e308. Unafurika, unakuwa inf, na jibu linakuwa inf. Jibu sahihi ni 461.21 tu.

Hizi mbili ni kasoro zenye heshima. Zinapiga kelele.

Ya tatu iko kimya. Weka x = 1e-8. Mraba ni 1e-16, na 1 + 1e-16 ni 1, kwa sababu chochote kilicho chini ya 1.11e-16 humezwa na 1. Kipeuo ni 1. Sasa 1 + 1e-8 haiandikiki kamili, kwa hiyo inahifadhiwa namba jirani, 1.00000000999999993922…, na logi yake ni 9.99999988922529e-09. Jibu sahihi, kwa tarakimu zote 16, ni 1e-8.

Tarakimu nane za mwisho ni takataka, na jibu linaonekana zuri kabisa.

## Dawa nusu

Anayejua mambo atasema: tumia log1p. Ndiyo kazi yake, kukokotoa ln(1 + y) bila kuijenga 1 + y. Basi watu huandika hivi:

    log1p(x + (√(1 + x²) − 1))

Ijaribu kwa 1e-8. Jibu: 9.99999995e-09.

Bado. Kosa limepungua kwa nusu hivi, halijaondoka, na hapa ndipo wengi hukata tamaa na kudhani kwamba log1p yenyewe ni mbovu.

Lile kosa la kwanza lilikuwa mawili yaliyopanda juu ya mengine. Sehemu moja, kama 6 kwa bilioni, ilitokana na 1 + 1e-8 kusogezwa kwenye namba jirani. log1p imeitibu. Sehemu ya pili, 5 kwa bilioni, ilitokana na mraba uliomezwa ndani ya kipeuo: √(1 + x²) − 1 ilitakiwa kuwa 5e-17, ikatoka 0. log1p haiwezi kurudisha kitu ambacho hakikumfikia.

Dawa kamili ni kuipindua ile tofauti ili kusiwe na kutoa:

    √(1 + x²) − 1  =  x² / (1 + √(1 + x²))

Upande wa kulia hakuna kinachopotea. 1e-16 gawa kwa 2 ni 5e-17. Ukiijumlisha na x unapata 1.000000005e-8. Kisha log1p, kwa hesabu yake ya ndani, inapunguza nusu ya mraba wa namba hiyo, yaani 5e-17 na ushee. Kilichoongezwa kinaondolewa, na 1e-8 inabaki imesimama.

Ile 5e-17, ndogo kuliko vyote vilivyokuwemo, ndiyo iliyobeba nusu ya usahihi.

## Jinsi maktaba zinavyofanya

Ukifungua msimbo wa maktaba ya hesabu ya FreeBSD, au ule wa V8 iliyo ndani ya Chrome, utakuta mgawanyo uleule ulioandikwa Sun Microsystems mwaka 1993. asinh hukokotolewa kwa |x|, na alama hurudishwa mwishoni:

    |x| < 2^-28        rudisha x
    |x| ≤ 2            log1p(|x| + x²/(1 + √(1 + x²)))
    2 < |x| ≤ 2^28     ln(2|x| + 1/(|x| + √(x² + 1)))
    |x| > 2^28         ln(|x|) + ln 2

Mpaka wa 2^-28 haukuokotwa njiani. asinh(x) ni x − x³/6 na kuendelea, kwa hiyo sahihisho likilinganishwa na x ni x²/6. Kwenye 2^-28 hilo ni 2^-56 gawa kwa 6, dogo kuliko nusu ya hatua ya mwisho ya namba yenye biti 53. Halionekani, basi halina haja ya kukokotolewa. Upande wa juu, kinachoachwa ni 1/(4x²), yaani 2^-58, mbele ya jibu lililokwisha kufika 20.

Mstari wa mwisho umeandikwa ln(|x|) + ln 2 badala ya ln(2|x|) ili 2|x| isifurike pale x inapokaribia kikomo. Namba kubwa kuliko zote za biti 64 inatoa asinh ya 710.4758, jibu la kawaida kabisa.

Alama nayo ina mtego. Irudishe kwa copysign, fankisheni inayonakili alama ya namba moja kwenda nyingine. Ukiandika "kama x < 0", ile −0.0 inapita kama chanya, na asinh(−0.0) inatakiwa kuwa −0.0.

Hatari kubwa ni kunakili mipaka hii kwenda kwenye namba fupi. Biti 16 zinaishia 65504. Mara mbili ya 40000 ni 80000. Kwa hiyo ukibeba mpaka wa 2^28 kwenda huko, tawi la mwisho halitaguswa kamwe, na asinh(40000) itatoka inf kupitia tawi la tatu, kwa kuwa 2|x| inafurika. Mipaka ni mali ya aina ya namba. Ikokotoe upya.

## Kutoa si adui

Baada ya haya yote mtu huanza kuogopa alama ya kutoa popote anapoiona. Kisha anafungua acosh ya maktaba hiyohiyo na kukuta, kwa x kati ya 1 na 2:

    t = x − 1
    log1p(t + √(2t + t²))

Kutoa 1 kutoka kwa namba iliyo karibu na 1! Mfano wa vitabu vyote wa kutofanya.

Lakini hapa ni salama kabisa. Kanuni ya Sterbenz inasema namba moja ikiwa kati ya nusu na mara mbili ya nyingine, tofauti yao huandikika bila kusogezwa hata biti moja. x − 1 ni kamili. Si makadirio.

Kutoa kunafichua tu hasara iliyokwisha kutokea. Kama x yenyewe ilikuwa kamili, hakuna cha kufichua. Kama x ilijengwa kwa 1 + kitu kidogo, hasara ilitokea pale kwenye kujumlisha, na kutoa ndiko kunakosomewa mashtaka kwa sababu ndiko kulikokutwa na maiti.

## Ngazi

Hivyo acosh ya maktaba ni safi. Basi tuitazame kutoka mlangoni: ni namba zipi zinaweza kuingia?

Baada ya 1, namba inayofuata ya biti 64 ni 1 + 2.22e-16. Karibu na 1, acosh(1 + t) ni kama √(2t). Kwa hiyo jibu la kwanza baada ya 0 ni 2.107e-8. Linalofuata ni 2.980e-8. Kisha 3.650e-8.

Hakuna kitu katikati.

Umbali wowote utakaotoka acosh ni 0, au ni 2.107e-8 na kuendelea. Nukta zilizoachana 2e-8 zinaambiwa 2.107e-8, kosa la asilimia tano. Zilizoachana 2.4e-8 nazo zinaambiwa 2.107e-8. Zilizoachana 2e-9 zinaambiwa sifuri, na hapo ndipo tulipoanzia.

Kwenye biti 32, zinazotumika sana kufundishia modeli, ngazi ya kwanza iko kwenye 0.000488. Kwenye biti 16 iko 0.0442. Kwa mtu anayepima ufanano wa maneno au wa picha kwenye nafasi ya haipabola, 0.0442 si vumbi. Ni tofauti kati ya majirani.

Hakuna ufundi ndani ya acosh unaoweza kuliondoa hili. Unaweza kuiandika kwa tarakimu elfu moja ndani, na ngazi zitabaki palepale. Kosa dogo kwenye x hukuzwa mara 1/(2t) likifika kwenye jibu: kwa t = 1e-10, mara bilioni tano. Maji yalimwagika kabla ya kufika mlangoni.

## Usiijenge ile 1

Turudi kwenye fomula. Kwa kuwa cosh(2a) = 1 + 2·sinh²(a), acosh(1 + 2s²) ni sawasawa na 2·asinh(s). Basi:

    d = 2·asinh(|u − v| / √((1 − |u|²)·(1 − |v|²)))

Nukta zetu mbili: s = 1e-9, asinh yake 1e-9, mara mbili ni 2e-9.

Ni umbali uleule wa jiometri ileile. Tofauti ni kwamba 1 haikuwahi kuandikwa, hivyo haikupata nafasi ya kumeza. Wanaopima umbali juu ya tufe wanaujua ugonjwa huu kwa sura nyingine: acos inashindwa kwa miji iliyo karibukaribu, na ndiyo maana fomula ya haversine, inayotumia asin, ilipendwa na mabaharia.

Kama huwezi kuigeuza fomula lakini t unayo mkononi, tengeneza fankisheni inayopokea t moja kwa moja:

    acosh1p(t) = log1p(t + √(t·(2 + t)))

Kwa maoni yangu hii ilistahili kukaa kwenye maktaba kando ya log1p na expm1. Kiwango cha C cha mwaka 1999 kilileta asinh, acosh, atanh, log1p, expm1 na hypot kwa pamoja. Hii ikaachwa nje, na kila mtu anaiandika upya kwake, wengi wao vibaya.

Na kuna desturi moja nisiyoikubali: kuisukuma x iwe angalau 1 + 1e-7 "ili NaN isitokee". Hesabu ikikuhakikishia kwamba x haiwezi kushuka chini ya 1, kuirudisha kwenye 1 kamili ni haki. Vumbi la biti ya mwisho limeisogeza, unairejesha. Ukiisukuma hadi 1 + 1e-7, umetangaza kwamba kila nukta iko umbali wa angalau 0.000447 kutoka kwake yenyewe.

## Ukingo wa pili

atanh ina ngazi pia, ila zimejipanga upande wa juu.

Namba ya mwisho kabla ya 1 ni 1 − 2^-53. atanh yake ni 18.715. Baada ya hapo ni inf. Kwenye biti 32 mwisho ni 8.664.

Protoni kwenye LHC, mashine ya kugonganisha chembe, tangu mwaka 2022, husukumwa hadi nishati ya TeV 6.8. Kasi yake ukiigawa kwa kasi ya mwanga unapata 1 kasoro kama 9.5e-9. Wanafizikia huitaka rapiditi yake, atanh ya uwiano huo. Kwenye biti 32 uwiano huo ni 1, na rapiditi ni inf. Jibu sahihi ni kama 9.58, namba ambayo ungeweza kuihesabu kwa vidole. Kinachofanyika ni kuanza na msukumo gawa kwa uzito, kisha asinh, na yote yanaandikika bila jasho. Kasi ilikuwa mahali pabaya pa kuhifadhia habari.

Diski ya Poincaré ina ukuta huohuo: umbali kutoka katikati ni 2·atanh(|u|), hivyo kwenye biti 64 hakuna nukta iliyo mbali zaidi ya 37.43, na kwenye biti 32 zaidi ya 17.33. Mti wenye kina kirefu ukiupanda humo, majani yote ya mwisho yanabanana kwenye ukingo uleule.

Ndani ya atanh yenyewe kuna jambo moja tu la kuangalia. Ule mstari mzuri, ½·log1p(2x/(1 − x)), ni wa x chanya. Ukiupa x = −(1 − 2^-53) utajibu −18.37 badala ya −18.71, kwa sababu 1 − x inasogezwa hadi 2 kamili. Fanya kazi na |x|, rudisha alama baadaye. Na takwimu nazo zina lao: uwiano r unaotoka kwenye programu kama 1.0000000000000002, ukiupeleka kwenye badiliko la Fisher, ambalo ni atanh(r), unapata NaN. Urudishe kwenye 1, upokee inf. Angalau inf inasema ukweli kuhusu data yako.

## Mraba nao unameza

1 haiko peke yake. Mraba unafurika, tumeshaona. Mraba pia unafuta alama, na hilo huonekana pale unapoingia kwenye namba changamano.

Chukua z = −2. Fomula ln(z + √(z² − 1)) inatoa √3 chanya kwenye kipeuo, kisha ln(−0.268), yaani −1.317 + πi. Jibu sahihi ni +1.317 + πi. Andika √(z + 1)·√(z − 1) badala yake: vipeuo viwili vya namba hasi vinazaa i mara i, kinatoka −√3, jumla ni −3.732, na sehemu halisi inarudi kuwa chanya. Kwenye algebra ya shule vipeuo hivyo viwili ni kitu kimoja. Hapa sivyo, kwa sababu z² imeshasahau z ilikuwa upande gani.

William Kahan alisisitiza jambo hili miaka ya 1980, pamoja na umuhimu wa alama ya sifuri: −2 + 0i inatakiwa kutoa +πi, na −2 − 0i inatakiwa kutoa −πi. Sifuri hasi, ambayo wengi huiona kama mzaha wa wahandisi, ndiyo inayojua uko upande gani wa mkato, ule mstari ambapo jibu huruka kutoka +πi kwenda −πi.

## Miteremko

Aliyeponya jibu bado hajaponya mteremko wake (derivative), ambao modeli hujifunza kwao.

Mteremko wa asinh ni 1/√(1 + x²). Kwa x = 1e200 mraba unafurika na mteremko unakuwa 0; ukiandika 1/hypot(1, x), ambapo hypot hukokotoa √(1 + x²) bila kufurika, unapata 1e-200. Mteremko wa atanh ni 1/(1 − x²). Uandike 1/((1 − x)·(1 + x)), kwa kuwa 1 − x ni kamili kuanzia nusu kwenda juu, na x² siyo.

Mteremko wa acosh kwenye 1 ni 1/0. Ukizidishwa na 0 inayotoka ndani, unazaa NaN, na NaN moja inatosha kuua mafunzo ya usiku mzima. Kuhamia kwenye 2·asinh(s) kunasaidia ila hakumalizi, maana s ina kipeuo chake, na umbali wenyewe una ncha pale nukta mbili zinapogusana. Tumia mraba wa umbali. Ukiwa na q = s², basi d² = 4·asinh²(√q), na kwa q chini ya 1e-8 weka 4q − 4q²/3. Hapo kila kitu ni laini hadi sifuri.

Lakini ukichagua kati ya matawi hayo mawili kwa where, fankisheni ya kuchagua jibu kwa kila namba ya orodha, kumbuka kwamba matawi yote mawili hukokotolewa. Tawi lisilochaguliwa likizaa inf kwenye mteremko, inf hiyo inazidishwa na 0 na NaN inarudi kwa mlango wa nyuma. Badilisha q kabla haijaingia kwenye tawi la kipeuo: mahali ilipo ndogo, ipe 1, namba isiyo na madhara, kisha chagua.

Na kompaila. Ukiiruhusu ipange upya hesabu kwa kutafuta kasi, kama -ffast-math inavyofanya, ina haki ya kugeuza (1 + x) − 1 kuwa x. Ule ujanja wa Kahan wa kupata log1p mahali ambapo haipo, u = 1 + x kisha ln(u)·x/(u − 1), unategemea kabisa u − 1 isiwe x. Ikigeuzwa, x juu na x chini zinafutana, unabaki na ln(u), na umerudi kwenye tarakimu nane.

## Shahidi

Kupima haya yote unahitaji shahidi mwenye tarakimu nyingi, na mpmath, maktaba ya Python ya tarakimu nyingi, ikiwekewa 50 inatosha. Pima kwenye mipaka: 2^-28 na jirani zake wawili, 1 na jirani yake, 2, 2^28, namba kubwa kuliko zote, −0.0. Kati ya mipaka namba za bahati nasibu zinatosha, ila zisambaze kwa vipeo, kuanzia 1e-300 hadi 1e300. Ukizitoa kati ya 0 na 1 kwa usawa, hutaziona kabisa namba ndogo.

Ila angalia unavyomuuliza shahidi. Ukiandika mp.acosh('1.0000000001') unapata 1.41421356236e-5. Maktaba yako, kwa 1.0000000001 hiyohiyo, inasema 1.41421362087e-5. Zinaachana kwenye tarakimu ya nane, na ripoti ya hitilafu imeshaanza kuandikwa.

Maktaba haikupewa 1.0000000001. Ilipewa namba ya biti 64 iliyo jirani nayo, ambayo ukiitoa 1 inabaki 1.000000082740371e-10, na ilijibu swali hilo bila kosa. Muulize mp.acosh(mp.mpf(x)), x ikiwa ni ileile namba ya kompyuta bila kupitia maandishi, na majibu yatalingana.